Kwa Daktari, Mwanao Asiwe Mkalimani Wako

Amoksisilini ya maji ni dawa ya kunywa. Hata hivyo, katika kliniki moja ya watoto nchini Marekani, mama aliyempeleka mwanawe akiwa na maambukizi ya sikio alielekezwa aitie dawa hiyo katika masikio yote mawili. Daktari hakusema hivyo. Maelekezo hayo yalitoka kwa mtu aliyekuwa akimkalimania mama, na lau si kwamba mazungumzo yale yalikuwa yakirekodiwa kwa ajili ya utafiti, huenda kosa hilo lisingejulikana kamwe. Utafiti huo, ulioongozwa na daktari wa watoto Glenn Flores na kuchapishwa mwaka 2003 katika jarida la Pediatrics, ulichunguza mazungumzo 13 tu baina ya madaktari na familia zinazozungumza Kihispania, lakini ndani yake yalihesabiwa makosa 396 ya ukalimani, yaani wastani wa makosa 31 kwa kila ziara moja. Asilimia 63 ya makosa hayo yangeweza kuathiri matibabu ya mtoto. Maswali kuhusu mzio wa dawa yalirukwa, dozi na idadi ya siku za kutumia antibayotiki hazikutajwa, na krimu iliyokusudiwa upele wa usoni ikaelezwa kuwa ni ya kupakwa mwili mzima.

Naanza na Kihispania kwa sababu ndiyo lugha iliyochunguzwa zaidi, lakini jambo lenyewe sasa linatuhusu sisi moja kwa moja. Kwa miaka kadhaa, kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokelewa Marekani lilitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika mwaka wa bajeti wa 2019 walikuwa karibu 13,000, na katika ule wa 2024 wakakaribia 20,000. Wengi wao wametoka Kivu na Katanga, wakapitia kambi kama Nyarugusu mkoani Kigoma au Nakivale nchini Uganda, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili, hata pale ambapo nyumbani huzungumza Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge. Ongeza hapo Wakenya, Watanzania na Warundi waliofika kwa njia nyingine. Leo mtu akiingia katika kliniki za miji kama Lexington, Louisville, Grand Rapids au Portland ya jimbo la Maine, atakuta Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zinazoombewa mkalimani kila siku.

Na bado, familia nyingi zinazozungumza Kiswahili huenda kwa daktari zikiwa na mkalimani wao wenyewe: mtoto wa darasa la nane, mume, jirani aliyefika miaka mitatu kabla yao, au mchungaji wa kanisa. Hoja ninayotaka kuitetea ni kwamba desturi hii inapaswa kukoma, na kwamba sababu kubwa ya kuikomesha haiko hasa katika msamiati. Kijana aliyesoma Marekani huenda akajua maneno mengi ya Kiingereza kuliko mkalimani wa simu. Anachokosa, na ambacho hawezi kukipata kwa kusoma, ni nafasi ya mtu asiye na lake katika jibu. Chumbani kwa daktari, mkalimani aliyefunzwa ndiye mtu pekee ambaye haponi, haugui, harithi, haoni aibu na haachiwi mzigo wa uuguzi kutokana na kitakachosemwa. Ndugu wa mgonjwa ana sehemu yake katika kila neno.

Tuangalie jambo hili kwa karibu. Mama wa miaka arobaini na mitano amekuja kliniki kwa sababu anavuja damu nje ya siku zake. Amefuatana na mwanawe wa kiume mwenye miaka kumi na minne, kwa kuwa ndiye anayejua Kiingereza na ndiye aliyesoma barua ya miadi. Daktari anauliza damu ni nyingi kiasi gani, ina mabonge au haina, ilianza lini, je, mama hupata maumivu akiwa na mumewe. Mtoto anasikia swali la mwisho na kuinamisha kichwa. Anamwambia mama yake, "Anauliza kama unaumwa tumbo." Mama anajibu kwamba ndiyo, kidogo. Daktari anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hupata maumivu ya wastani wakati wa tendo la ndoa, jambo ambalo mama hakuulizwa wala hakulijibu, na kuanzia hapo uchunguzi wote unafuata njia iliyoanzia kwenye uongo ambao hakuna aliyekusudia kuusema. Mtoto hakudanganya kwa ubaya. Alifanya kile ambacho malezi yetu yamemfundisha, yaani kutotamka mambo ya unyumba mbele ya mzazi. Mama naye, hata angeulizwa sawasawa, asingemweleza mwanawe ukweli. Adabu inayotusaidia sana nyumbani imeharibu uchunguzi, na lawama si ya mtoto wala ya mama, bali ya mpangilio uliowaweka hapo.

Mpangilio huo hubadilika sura kulingana na nani amebeba kazi ya kukalimani. Akiwa ni mtoto mkubwa wa mzee mwenye saratani, kishawishi ni kuficha. Kwetu habari mbaya haimwagwi tu mbele ya mgonjwa. Hupewa kwanza wanaume wa ukoo au mtoto wa kwanza, kisha huangaliwa namna ya kuifikisha, na mara nyingine haifikishwi kabisa. Katika sheria na maadili ya udaktari ya Marekani, mgonjwa mwenye akili timamu ndiye mwenye habari zake na ndiye anayeamua. Daktari anaposema kwamba uvimbe umeenea hadi kwenye ini na kwamba dawa zitapunguza kasi tu, mtoto humwambia baba yake kwamba kuna kidonda tumboni na atapewa dawa kali kidogo. Mzee anatia sahihi kwenye fomu ya ridhaa. Ameridhia nini? Familia ina haki ya kumwomba daktari azungumze kwa upole, hata kumuuliza mzee mwenyewe, kupitia mkalimani, kama angependa kuambiwa yote au angependa mwanawe apokee habari kwa niaba yake. Hiyo ni njia halali na wazee wengi wataichagua. Tofauti ni kwamba mzee ameulizwa.

Akiwa ni mume, hatari huwa nyingine, na hii naitaja bila kuzunguka. Kliniki nyingi za Marekani humuuliza kila mwanamke, hasa mjamzito, kama anajisikia salama nyumbani, kama kuna anayempiga au kumtishia. Swali hilo likipitia kinywani mwa mume halina maana yoyote, na pale ambapo kipigo kipo kweli, linaweza kumwongezea mwanamke hatari jioni ile ile. Ndiyo maana mkalimani wa kike wa kwenye simu, aliye jimbo lingine na asiyemjua mtu yeyote katika nyumba ile, huwa mtu wa kwanza ambaye mwanamke anaweza kumtamkia jambo hilo.

Kisha kuna gharama ambayo huonekana baadaye. Mtoto aliyekalimani habari ya mimba iliyoharibika ya mama yake, au ya ubakaji alioupata mama yake njiani wakati wa vita, amebebeshwa kitu ambacho hakuna aliyekusudia kumbebesha. Wakimbizi wanapofika Marekani hufanyiwa uchunguzi wa afya, kwa kawaida ndani ya siku 90 za kwanza, na ndani yake huulizwa mambo ya usingizi, majinamizi, hofu na kumbukumbu za yaliyowapata. Sijui namna ambavyo mama wa Uvira au Fizi, mashariki mwa Kongo, angeyajibu maswali hayo kwa ukweli huku mwanawe akimtazama usoni na kutafuta neno la Kiingereza.

Mkalimani aliyefunzwa hufanya nini ambacho wengine hawakifanyi? Kwanza hujitambulisha kwa pande zote mbili kabla mazungumzo hayajaanza, kwa sentensi chache ambazo wazungumzaji wa Kiswahili waliowahi kuhudumiwa kwa simu watazikumbuka: kwamba yote yatakayosemwa yatakalimaniwa, kwamba yatabaki kuwa siri, na kwamba kila mmoja azungumze na mwenzake moja kwa moja kwa sentensi fupi. Huzungumza kwa nafsi ya kwanza. Mgonjwa akisema "nasikia ganzi mguuni", mkalimani husema kwa Kiingereza kwamba nasikia ganzi mguuni, hasemi "anasema eti miguu yake haimtii vizuri". Ni jambo linaloonekana dogo, lakini ndilo linalomrudisha mgonjwa katikati ya mazungumzo, daktari akamtazama yeye badala ya kumtazama anayemsemea. Mkalimani hapunguzi wala haongezi. Mgonjwa akitukana, tusi linapita. Mgonjwa akisema amekunywa dawa za mitishamba za shangazi yake, habari hiyo inapita pia, wakati ndugu angeificha kwa kuogopa familia isionekane ya kishamba, ilhali baadhi ya mitishamba hugongana vibaya na dawa za kuzuia damu kuganda au za kisukari.

La muhimu kuliko yote, nadhani, ni kwamba mkalimani aliyefunzwa amefundishwa kusimamisha mazungumzo. Asiposikia au asipoelewa, husema wazi kwa pande zote mbili: mkalimani anaomba ufafanuzi. Mtu asiyefunzwa huona aibu kukiri kwamba neno limempita, basi huziba pengo kwa kukisia. Katika orodha ya makosa ya utafiti ule wa 2003, makosa mengi ni mapengo ya namna hiyo, yaani jambo lililoachwa au lililojazwa kwa kubahatisha. Hapa ndipo pia ninapotilia shaka programu za kutafsiri za kwenye simu, ambazo sasa zinatumika hata na wauguzi wenye haraka. Programu hutoa jibu kwa sauti ile ile ya uhakika, imeelewa au haijaelewa. Haiwezi kuona kwamba mama ameitikia kwa kichwa kwa heshima tu bila kufahamu. Kanuni za serikali ya Marekani za mwaka 2024 zinataka maandishi muhimu ya matibabu yaliyotafsiriwa kwa mashine yakaguliwe na mtafsiri mwenye sifa, na kwa maoni yangu mgonjwa anayeletewa karatasi ya maelekezo ya Kiswahili ana haki ya kuuliza kama ukaguzi huo umefanyika.

Hapa kuna takwimu mbili ambazo watetezi wa wakalimani hupenda kutaja moja na kuiacha nyingine. Katika utafiti wa 2003, makosa ya watu waliokalimani kwa kubahatisha tu bila kuwa wakalimani wa kazi, kama ndugu au jirani, yalikuwa na uwezo wa kuathiri matibabu kwa asilimia 77, na ya wakalimani wa hospitali kwa asilimia 53. Tofauti ipo, ila asilimia 53 si jambo la kujivunia. Flores na wenzake walirudi kwenye suala hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, safari hii katika vitengo vya dharura vya watoto, wakakuta kwamba makosa yenye uzito yalikuwa asilimia 12 kwa wakalimani wa kazi, asilimia 22 kwa wakalimani wa kubahatisha, na asilimia 20 pale ambapo hapakuwa na mkalimani kabisa. Tazama vizuri namba mbili za mwisho: kumleta jirani hakukuwa na faida kuliko kutomleta mtu. Zaidi ya hapo, walipowagawa wakalimani wa kazi kwa saa za mafunzo, waliosoma saa 100 au zaidi walikuwa na asilimia 2 tu ya makosa yenye uzito, wakati wenzao wa saa chache walikuwa na asilimia 12. Idadi ya miaka kazini haikuleta tofauti kama hiyo. Kinachomlinda mgonjwa, basi, ni mafunzo yenyewe. Beji ya ukalimani peke yake haitoshi.

Jambo hilo linaugusa Kiswahili pahali panapouma. Taasisi mbili kuu za kitaifa zinazotoa vyeti vya ukalimani wa matibabu nchini Marekani humtaka mtahiniwa awe na walau saa 40 za mafunzo, kiwango kilicho chini ya nusu ya kile ambacho utafiti huo ulikikuta na manufaa makubwa. Mitihani yao ya mazungumzo kwa lugha mahususi ipo kwa Kihispania, Kiarabu, Kimandarini, Kirusi, Kivietinamu na nyingine chache. Kwa Kiswahili haipo. Mkalimani wa Kiswahili anaweza kupimwa maarifa yake ya maadili na ya istilahi kwa Kiingereza, akapata cheti halali, bila mtihani huo kusikiliza Kiswahili chake hata kidogo. Makampuni ya ukalimani hufanya majaribio yao wenyewe, mengine makali na mengine ya kupita tu. Nimekutana na wakalimani wa Kiswahili hodari sana, wanaoandaa orodha zao za maneno usiku baada ya kazi, na nimekutana na wengine ambao Kiswahili chao kiliishia shule ya msingi. Mgonjwa hana njia ya kuwatofautisha hadi mazungumzo yameanza.

Tena Kiswahili chenyewe kina sura nyingi. Mkalimani aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa anapopewa mgonjwa kutoka Bukavu au Lubumbashi, anaweza kudhani kwamba kwa kuwa lugha ni moja, kazi ni nyepesi. Mgonjwa atamwita daktari munganga, atataja tarehe na miaka kwa Kifaransa, atahesabu vidonge kwa Kifaransa, na majina ya magonjwa aliyoambiwa zamani hospitalini atayatoa kwa Kifaransa pia. Mkalimani asiyejua hesabu za Kifaransa atakisia mwaka wa upasuaji. Kwa upande mwingine, Kiswahili sanifu cha vitabuni kinachosema "shinikizo la damu" na "mfumo wa mkojo" humpita mzee ambaye maisha yake yote amesikia presha na njia ya mkojo. Mkalimani mwenye mafunzo hulifahamu hili, huuliza mapema mgonjwa anatoka wapi, na hushusha au kupandisha lugha kulingana na anayemsikiliza. Vilevile kuna wagonjwa waliopangiwa Kiswahili kwa sababu fomu ya safari iliandikwa hivyo kambini, ilhali lugha wanayoimudu ni Kinyamulenge au Kibembe, na Kiswahili chao ni cha sokoni. Kwa mtu kama huyo, mkalimani bora wa Kiswahili duniani bado si mkalimani wake, na anapaswa kusema hivyo bila kuona haya.

Kuhusu sheria nitapita haraka, maana kinachohitajika ni mgonjwa kujua anasimama wapi. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, inayokataza ubaguzi wa asili ya taifa katika huduma yoyote inayopokea fedha za serikali kuu, na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1974, katika kesi ya wanafunzi wenye asili ya Kichina wa San Francisco, ilikubali kwamba kumnyima mtu huduma anayoielewa kwa sababu ya lugha kunaangukia humo. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 iliongeza nguvu kwa upande wa hospitali. Kwa kanuni zake za 2024, hospitali inayopokea fedha hizo hutakiwa kutoa mkalimani mwenye sifa bila malipo, hairuhusiwi kumtaka mgonjwa aje na mkalimani wake, na hairuhusiwi kumtumia mtoto isipokuwa katika dharura ya muda wakati mkalimani anatafutwa. Mgonjwa akitaka mwenyewe kwamba ndugu yake mtu mzima akalimani, ombi hilo alitoe faraghani, ndugu akiwa nje, mbele ya mkalimani mwenye sifa. Aliyeandika kifungu hicho cha faragha alielewa vizuri hali ya yule mwanamke anayeletwa na mumewe. Ni kweli kwamba tarehe 1 Machi 2025 rais wa Marekani alitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi na kufuta amri ya mwaka 2000 iliyozitaka ofisi za serikali kuwahudumia wasiojua Kiingereza, na tangazo hilo limewatia hofu wengi. Amri ya rais, hata hivyo, haifuti sheria iliyopitishwa na bunge, na wajibu wa hospitali unatokana na sheria hizo.

Wanaopinga wana hoja zao, na baadhi ni za haki. Wanasema mkalimani anakula muda, na ni kweli kwamba kila sentensi ikisemwa mara mbili, ziara hurefuka. Lakini muda huo hulipwa baadaye. Utafiti uliofanywa katika hospitali moja ya Massachusetts na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba wagonjwa wasiojua Kiingereza waliopata mkalimani siku ya kulazwa na siku ya kuruhusiwa walirudi hospitalini ndani ya siku 30 kwa kiwango cha asilimia 14.9, wakati wale ambao hawakupata mkalimani katika siku hizo walirudi kwa asilimia 24.3. Siku ya kuruhusiwa ndiyo inayosahaulika zaidi. Mgonjwa amepata mkalimani kitengo cha dharura, amempata kwa daktari bingwa, kisha saa ya kuondoka muuguzi anampa karatasi nne za Kiingereza, mfuko wa dawa na tabasamu.

Hoja nyingine ni ya siri, na hii naipa uzito. Katika mji ambao Wakongo wote wanajuana kupitia kanisa mbili tatu, mgonjwa mwenye virusi vya ukimwi au mwanamke anayetaka uzazi wa mpango anaogopa kumkuta mkalimani akiwa ni mke wa mzee wa kanisa. Wengine wanaogopa kukuta upande wa pili ni mtu wa kabila ambalo kabila lao lilipigana nalo kule Kivu. Hofu hizi haziondoki kwa kuambiwa kwamba mkalimani ameapa kutunza siri. Zinaondoka mgonjwa anapojua kwamba anaweza kukataa mkalimani na kuomba mwingine, kuomba wa jinsia yake, au kuomba wa simu bila mgonjwa mwenyewe kumtajia hata jina lake. Mtu akimkataa mkalimani kwa sababu hizo asionekane mkorofi, na mkalimani mwenye maadili, akimfahamu mgonjwa, hujitoa mwenyewe kabla hajaombwa.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwamba kuomba mkalimani ni kujitangaza kuwa hujui, na kumwacha mtoto nje ni kuvunja umoja wa familia. Nayaelewa maumivu yaliyomo. Mtu aliyekuwa mwalimu au mfanyabiashara kwao hataki kuonekana bubu ugenini. Ila kumsindikiza mgonjwa na kumkalimania ni kazi mbili tofauti. Ndugu abaki na kazi yake kubwa ya kumleta, kumshika mkono, kukumbuka siku ya miadi, kufuatilia dawa dukani, kumkumbusha mama kwamba alisahau kutaja kizunguzungu cha asubuhi. Kazi hiyo haimalizwi na mkalimani yeyote, na ndugu huifanya vizuri zaidi akiwa hana mzigo wa maneno.

Desturi yenyewe haikuanzia Marekani. Tuliizoea huku kwetu. Katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki, bibi asiyejua Kiswahili hukalimaniwa na mjukuu, na mjukuu akikosekana, na mfanya usafi wa wodini. Kiziwi hupewa karatasi aandike, hata kama hajasoma. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo, lakini mgonjwa asiyeelewa lugha ya daktari hana kifungu kinachofanana na hicho katika Katiba hiyo. Mtu aliyekulia katika mazoea hayo akifika Grand Rapids na kuulizwa mapokezi kama anahitaji mkalimani, hujibu kwamba hapana, nimekuja na mwanangu, na hudhani amewarahisishia kazi.

Jibu hilo ndilo linalopaswa kubadilika, na linabadilika kwa urahisi zaidi siku ya kuweka miadi kuliko siku yenyewe. Anayepiga simu kliniki aseme lugha, aseme nchi anayotoka, aseme kama anataka mwanamke au mwanamume, na aombe yaandikwe kwenye faili ili asiulizwe upya kila mara. Sentensi moja ya Kiingereza, "Swahili interpreter, please", inatosha kuanzisha, na inaweza kufundishwa katika mkutano wowote wa jamii kwa dakika tano. Ndani ya chumba, mgonjwa amtake daktari amsikilize akirudia kwa maneno yake namna atakavyotumia dawa, kidonge kipi saa ngapi na kwa siku ngapi, kabla mkalimani hajakata simu.

Lililobaki liko kwa wale wetu wanaozijua lugha zote mbili. Saa 40 ni wiki moja ya kazi, na mtu mzima yeyote anayekizungumza vizuri Kiswahili cha Kongo au cha pwani anaweza kuanza nazo, kisha akaendelea hadi zile 100 ambazo utafiti umeonyesha zina maana. Vyama vya Waswahili na vya Wakongo katika miji hiyo, ambavyo huchangisha kwa misiba na harusi bila kuchoka, vingeweza kuwalipia karo wanachama wawili watatu kila mwaka, na kuandaa pamoja nao orodha ya maneno ya tiba inayoweka Kiswahili cha Bukavu, cha Kigoma na cha Mombasa bega kwa bega. Na hospitali zinazosaini mikataba na makampuni ya ukalimani zingeweza kudai, kwa maandishi, kwamba kila mkalimani wa Kiswahili awe amesikilizwa akizungumza Kiswahili na mtu anayekijua. Hakuna katika hayo linalohitaji kusubiri sheria mpya.